Vigae au mkeka? Sakafu ya chini ndiyo inayochagua

Mteja akiingia duka la vifaa vya ujenzi Nakuru au Kisumu kuulizia sakafu ya jikoni, mara nyingi rangi ameshaichagua. Anataka kitu chenye sura ya vigae: kijivu kisichong'aa, au ule mchoro wa maua meusi na meupe. Anaonyeshwa vitu vinne vinavyofanana kwa mbali. Kuna kigae halisi cha udongo uliochomwa. Kuna kibao kigumu cha SPC, yaani unga wa mawe ya chokaa uliosindikwa na plastiki, kinachofungamana na mwenzake pembeni. Kuna mkeka wa plastiki unaokatwa kwa mita, ambao watu wengi huuita mkeka wa mbao hata mchoro wake ukiwa wa vigae. Na kuna vipande vya kubandika vyenye gundi mgongoni. Kwenye picha vyote ni kimoja. Baada ya masika mawili havifanani tena, na kilichovitenganisha hakikuwa dukani. Kilikuwa nyumbani, chini ya miguu ya mpishi.

Haya ni kwa ajili ya jikoni ambayo sakafu yake ina kasoro: imepasuka, imezama upande mmoja, inatoa unyevu, au nusu ni ya zamani na nusu ni baraza lililofungwa likawa sehemu ya jikoni. Jikoni za namna hiyo ni nyingi mno huku kwetu, na chanzo chake kiko ardhini.

Uwanda wa Kano, kutoka Nyamasaria kuelekea Ahero, pamoja na mitaa ya chini ya Kisumu kama Nyalenda, umekaa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hunywa maji ukavimba wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari hukauka, ukanywea na kupasuka hadi kidole kinaingia kwenye nyufa. Slabu, yaani sakafu ya zege, iliyomwagwa juu yake hupanda na kushuka nao. Pembeni husogea zaidi ya katikati, kwa kuwa kando ya ukuta ndiko maji ya paa yanakoanguka na ndiko jua linakopiga. Ndiyo sababu ufa wa jikoni za Kisumu mara nyingi huenda sambamba na ukuta wa nje. Karibu na ziwa, kama Dunga, maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba slabu iliyomwagwa bila nailoni chini yake huyavuta kila siku, mvua iwepo isiwepo. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda na kuingia hadi kwenye nyumba, sakafu nyingi zilizodhaniwa kavu zilionyesha siri yao.

Nakuru ni hadithi nyingine. Ardhi ya huko ina majivu mengi ya volkano: mepesi, yenye nguvu ya kutosha yakiwa makavu, lakini maji yanayotiririka huyabeba. Paipu inayovuja chini ya sinki, shimo la maji machafu lililochimbwa karibu na ukuta, au paa lisilo na mfereji, vyote huweza kuchimba uwazi chini ya slabu kimya kimya. Sakafu haivimbi, inabaki ikining'inia hewani, kisha siku moja inavunjika. Ukienda Riat, Vihiga au Kakamega, kwenye miamba na udongo mwekundu, ardhi yenyewe ni tulivu zaidi. Huko kasoro huwa ya kazi: mawe ya hadikoo, yale ya kujazia chini ya slabu, hayakushindiliwa, au upande mmoja wa slabu umelalia mwamba na mwingine kifusi.

Kwa hiyo kabla ya kutaja kigae au mkeka, piga magoti uisome sakafu. Vifaa vyake ni nyundo, rula ya alumini ya mita 2, penseli, kipande cha nailoni na kikombe cha maji.

Anza kwa kugonga. Tumia mpini wa nyundo, kila sentimita 30, sakafu nzima. Mahali pazima hutoa sauti fupi na nzito. Sauti kali kama ya debe, kwenye kipande kidogo, ina maana skridi, yaani tabaka la simenti na mchanga lililo juu ya slabu, imeachana nayo. Hilo linatibika: kata kwa grainda hadi ufikie pembe zinazoshika, chokoa, safisha vumbi, paka uji wa simenti uliochanganywa na gundi ya maji ya kuunganishia, kisha jaza simenti na mchanga 1 kwa 3 kabla uji haujakauka. Lakini ukisikia mvumo mpana wa chini, eneo la mita nzima au zaidi, hapo slabu yenyewe haina kitu chini. Hakuna kigae, hakuna mkeka, hakuna kibao kitakachookoa sehemu hiyo. Ivunje, tafuta maji yanayotokea, yazuie, shindilia kifusi kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, tandika nailoni ya geji 1000, weka wavu wa chuma wa BRC, mwaga upya sentimita 10 hadi 15. Tunajua gharama inauma. Inauma zaidi ikilipwa mara mbili.

Ufa nao usiuhukumu kwa kuutazama mara moja. Chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kwa milimita na uandike tarehe pale pale sakafuni. Fanya hivyo sehemu tatu za ufa. Kisha weka rula juu yake kuvuka: ikiwa upande mmoja uko chini ya mwenzake, andika pia tofauti hiyo. Rudi baada ya mvua, rudi tena baada ya kiangazi. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizosambaa kama utando wa buibui, ni za simenti iliyokauka haraka na hazina neno. Ufa unaofunguka na kufunga upana wake tu una dawa, tutaifikia. Ufa ambao upande mmoja unapanda na kushuka ni mgonjwa wa nje: dawa yake ni mifereji ya paa, ukanda wa saruji wa sentimita 60 hadi 90 kuzunguka nyumba wenye mteremko wa kutoa maji, na kuondoa mkaratusi uliopandwa mita chache kutoka ukutani, kwa maana mti ule hunyonya maji chini ya msingi kiangazi na kuuacha udongo ukinywea. Bila hayo, ukiweka vigae umeweka kalenda ya kupasuka.

Unyevu hupimwa kwa nailoni. Kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne hewa isipite, ukiache saa 16 kwa uchache; sisi hupendelea siku mbili hadi tatu. Ukikifunua ukute matone, au simenti imekuwa nyeusi kuliko jirani yake, maji yanatoka chini. Weka vipande viwili au vitatu, kimoja karibu na ukuta wa nje na kimoja karibu na sinki. Jambo linalosahaulika ni majira: kipimo cha Februari Kisumu hudanganya. Kama huwezi kusubiri mvua, angalia chini ya ukuta. Rangi iliyobanduka na chumvi nyeupe kama unga, hadi kimo cha goti, ni ushahidi wa kutosha.

Usawa upimwe kwa rula, kwa kuizungusha kila upande huku ukichungulia mwanga chini yake. Kwa vigae vidogo, chini ya sentimita 38, bonde la milimita 6 ndani ya mita 3 linavumilika, gundi italificha. Kwa vigae vya 60 kwa 60 linavumilika la milimita 3 tu. Zaidi ya hapo pembe zitasimama na vidole vya watoto vitajigonga. Vibao vya SPC vinataka takriban milimita 3 kwa mita 2, na hapo havina mzaha hata kidogo.

Mwisho, kikombe cha maji. Mwaga matone machache. Yakinywewa ndani ya dakika moja au mbili, gundi itashika. Yakibaki yamejikusanya kama juu ya jani la mgomba, sakafu ina nta. Hili ni tatizo kubwa la jikoni zenye simenti nyekundu iliyosuguliwa kwa nta miaka nenda miaka rudi. Inapendeza, inang'aa, na hakuna gundi duniani inayoishika. Kuiosha kwa sabuni hakutoshi. Itoe ngozi: kisahani cha kusaga zege kwenye grainda, barakoa na madirisha wazi, hadi uone mchanga wa simenti. Ukikosa grainda, patasi na nyundo, vishimo vya milimita 3 hadi 5 vilivyokaribiana kila mahali, kisha brashi ya waya na kufuta vumbi kwa maji. Vigae vingi vinavyobanduka mwaka wa kwanza, vikitoka vizima na gundi yote ikiwa imebaki mgongoni, vimebandikwa juu ya nta au niru laini, yaani uso wa simenti tupu, ambayo haikuguswa.

Sasa uchaguzi. Kanuni inayotuongoza ni moja: kigae hakijali maji, kinaogopa kutikiswa, mkeka unavumilia kutikiswa, unaogopa maji ya chini. Kibao cha SPC hakiozi kikilowa, ila kinaogopa bonde. Shida ya Kisumu ni kwamba mara nyingi una maji na mtikisiko kwa pamoja, na hapo ndipo watu hukosea.

Tuchukue mkeka kwanza, maana ndio unaokimbiliwa. Ni mwembamba, milimita 2 hadi 3 kwa ule mzito, kwa hiyo mlango hauhitaji kuguswa. Hilo si dogo kwenye nyumba zetu zenye milango ya chuma inayofunguka ndani: mlango wa mbao hupigwa randa, wa chuma hukatwa kwa grainda na kuchomelewa upya. Mkeka haupasuki slabu ikisogea milimita moja au mbili. Lakini huonyesha kila kitu kilicho chini yake. Chembe moja ya mchanga itakuwa chunusi, na ufa usiojazwa utakuwa mstari ndani ya miezi. Angalia mgongo wake kabla ya kununua: ule wenye mgongo wa manyoya kama pamba hufyonza maji ya deki kupitia pembeni, kisha hunuka, kwa jikoni chukua wenye mgongo wa plastiki tupu. Usiubandike kwa gundi ya viatu juu ya slabu yenye unyevu, kwa sababu gundi huachia, hugeuka ute na kutoa madoa ya njano yanayopanda hadi juu. Jikoni ndogo ulaze bila gundi, kingo zishikwe na utepe wa pande mbili na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Usitandike kizulia cha mpira juu yake mbele ya sinki. Mpira huacha doa la kahawia lisilotoka.

Na kuna moto. Jikoni nyingi za magharibi mwa Kenya zina meko ya gesi juu ya meza na jiko la makaa sakafuni. Kaa moja likidondoka kwenye mkeka, tundu limeingia. Sufuria ya ugali iliyotolewa motoni ikawekwa chini ili mwiko upate nguvu huacha mviringo wa kudumu. SPC nayo huungua alama. Kama ugali unasongwa sakafuni, huo peke yake ni uamuzi: weka kigae, au tenga kona ya vigae futi 3 kwa 3 kwa ajili ya jiko na uzungushie mkeka.

Vibao vya SPC vina sura nzuri zaidi ya vigae kuliko mkeka, mistari yake imechongwa, na huwekwa siku moja. Mahali pake ni sakafu kavu, iliyonyooka, hata kama ina nyufa zisizopanda wala kushuka, kwa kuwa hukaa vikielea bila gundi. Chagua vyenye unene wa milimita 5 hadi 6 na ngozi ya juu ya milimita 0.5 badala ya 0.3. Acha nafasi ya milimita 8 hadi 10 pande zote, hata kwenye fremu ya mlango na paipu ya sinki, kisha uifunike kwa skatingi. Kabati zisimamishwe kwanza, vibao vifuate. Ukiweka kabati na kaunta ya zege juu ya vibao, umevipigilia msumari; jua la dirisha la magharibi likipiga, vitapanuka na kuinuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Bonde nalo huvunja ulimi wa kiungo. Dalili ya kwanza ni mlio wa kwacha-kwacha mtu akipita, ya pili ni mstari mweusi kati ya vibao viwili, ya tatu ni maji ya deki kushuka humo. Tandiko laini la kuongezea chini ili kuziba bonde huharakisha uharibifu, halitibu. Kibao chenye povu mgongoni hakitaki povu jingine. Bonde huzibwa kwa simenti ya kujisawazisha, kilo 1.5 hadi 1.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, juu ya sakafu iliyopakwa praima. Na pale ambapo kipimo cha nailoni kimetoa matone, usiweke SPC ukijifariji kwamba haiharibiwi na maji. Kibao kitabaki kizima. Chini yake kutakuwa na ukungu na harufu, na hutajua vinatoka wapi.

Vipande vya kubandika tunavikataa kwa jikoni yenye kasoro. Mvuke, mafuta na vumbi la simenti huua gundi yake kuanzia kingoni. Kwa mpangaji asiyetaka kugusa sakafu ya mwenye nyumba, mkeka uliolazwa tu ni bora, na siku ya kuhama anaukunja na kuondoka nao.

Kigae halisi ndicho tunachokipendekeza mahali penye unyevu wa kudumu, na pia penye ufa unaofunguka na kufunga tu, mradi kiwekwe kwa akili. Akili hiyo ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni ukubwa. Mtindo ni 60 kwa 60, lakini sakafu yenye kasoro inataka 30 kwa 30. Kigae kidogo hufuata mawimbi, na mistari mingi hugawana mkazo. Chukua kisichong'aa; jikoni yenye deki na mafuta, kigae cha kung'aa ni ajali inayosubiri mtu.

Ya pili ni gundi. Niru ya simenti tupu, ile ya kuchanganya kwenye karai na kuweka mabonge matano mgongoni mwa kigae, ndiyo chanzo cha vigae vinavyolia tupu. Simenti tupu hunywea inapokauka na haina unyumbufu hata kidogo, na kati ya mabonge kuna uwazi ambao kisigino cha kiti kitauvunja. Nunua gundi ya vigae ya mfuko iliyoandikwa C2 na S1. C2 ni gundi ya simenti yenye mshiko ulioboreshwa. Hiyo S1 ndiyo inayoonyesha kwamba gundi ikishakauka bado inapinda kidogo bila kukatika. Isambaze kwa mwiko wa meno ya milimita 8 kwa vigae vya 30, milimita 10 kwa vya 60, mistari yote ikielekea upande mmoja, kisha usogeze kigae kuvuka mistari ili hewa itoke. Kigae cha 60 kipakwe na mgongo pia. Inua kimoja katika kila kumi utazame: jikoni, gundi iwe imeshika asilimia 95 ya mgongo. Usiviloweke vigae kwenye ndoo kama ilivyokuwa desturi ya simenti. Kwa gundi ya mfuko, futa vumbi la mgongoni kwa kitambaa chenye unyevu na inatosha. Kwa joto la Kisumu mchana, gundi iliyosambazwa hufanya ngozi ndani ya dakika chache. Iguse: isipochafua kidole, ikwangue uitupe. Sambaza eneo la vigae vinne hadi sita tu kwa wakati mmoja. Gundi iliyo tayari ndani ya ndoo iepuke kabisa kwenye slabu yenye unyevu, maana hukauka kwa kupoteza maji, na hapo maji hayaondoki.

Ya tatu ndiyo inayotenganisha kazi inayodumu na isiyodumu: anza kupanga vigae kwenye mstari wa ufa, wala usianzie ukutani. Kila mtu huanza mlangoni au ukutani ili vipande vikamilifu vionekane. Lakini mahali ambapo slabu ya zamani imekutana na ya baraza, kuna kiungo kitakachosogea milele, na kigae chochote kilichokilalia kitapasuka kwa kufuata mstari huo huo. Piga mstari wa chaki juu ya kiungo, ukingo wa safu moja ya vigae uje hapo hapo, safu ya upande wa pili ianze hapo hapo. Nafasi iliyo kati yao, milimita 5 hadi 6, usiijaze grauti, ile simenti laini ya kuzibia kati ya vigae. Ichokoe gundi yote hadi chini, weka uzi wa povu, jaza silikoni ya rangi ya grauti. Ikiwa ufa umepinda, tandika chini ya vigae utando wa kutenganisha unaoenda upana wa kigae kizima kila upande wa ufa, na mstari wa kwanza wa vigae kila upande ujazwe silikoni. Utando huo hubeba mwendo wa upande, hadi kama milimita 3. Hauwezi mwendo wa kupanda na kushuka, hakuna unaouweza. Pembeni pa chumba chote acha milimita 6, ujaze silikoni au ufunike kwa skatingi. Vigae vilivyobanwa kati ya kuta nne huinuka katikati kwa mlio kama wa risasi.

Hesabu ya jikoni ya mita 3 kwa 3.6. Eneo ni mita 10.8 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya kukata, inakuwa 11.9. Kwa 30 kwa 30 hiyo ni vigae 132 au 133. Kwa 60 kwa 60, katoni yenye vigae vinne hufunika 1.44, hivyo katoni 9. Gundi ya kilo 5 kwa mita ya mraba kwa vigae vidogo ni kilo 54, mifuko 3 ya kilo 20. Kwa vikubwa hesabu kilo 6, mifuko 4. Grauti, kwa nafasi ya milimita 3, ni kama kilo 3 kwa vidogo na 2 kwa vikubwa. Silikoni mirija 2. Kwa mkeka wenye upana wa mita 2, unahitaji vipande viwili vya mita 3.1, jumla mita 6.2 za urefu. Panga kiungo kisipite mbele ya sinki. Ikibidi kumwaga skridi mpya ya sentimita 4 kwa kipimo cha 1 kwa 4, mifuko 4 ya simenti na karibu nusu mita ya ujazo ya mchanga wa mto uliosafishwa, usiwe na tope.

Skridi hiyo ilowekwe siku 7, kisha iachwe. Hukauka kama milimita moja kwa siku hali ya hewa ikiwa njema, kwa hiyo sentimita 4 ni siku 40 kabla ya mkeka au SPC. Vigae vya gundi ya simenti vinaweza kufuata baada ya wiki 4. Wengi huhamia baada ya wiki moja. Mkeka uliovimba viputo ndio jibu.

Kuna chaguo la tano ambalo duka halikuonyeshi, nalo tunalipenda kwa udongo mweusi ambao haujatulia: sakafu ya simenti yenyewe iliyokatwa miraba kama vigae. Slabu au skridi nene humwagwa, hupigwa niru yenye rangi nyekundu, nyeusi au kijani, na kabla ya kukomaa hukatwa mistari. Mistari ya kuchorwa kwa ncha ya mwiko ni pambo tu. Mistari mikuu, kila mita moja hadi moja na nusu, ikatwe kwa grainda hadi robo ya unene, siku moja au mbili baada ya kumwaga; hapo simenti ikitaka kupasuka hupasukia ndani ya mstari, ambako huonekana kama mstari. Inaungua? Hapana. Inaogopa deki? Hapana. Ikichakaa inapakwa upya bila kung'oa kitu.

Imebaki sakafu ya mbao, ambayo bado ipo kwenye nyumba za zamani za Nakuru. Weka bilauri iliyojaa maji katikati ya chumba, mtu mzima apite kando. Maji yakicheza, usifikirie vigae kwanza. Boriti inayovuka mita 3 haitakiwi kupinda zaidi ya milimita 8, yaani sehemu moja ya 360 ya urefu wake, na mzigo wenyewe si mdogo: kigae cha milimita 9 na gundi yake ni karibu kilo 27 kwa mita ya mraba, kwa jikoni yetu ya mfano kilo 290. Ingia chini, tafuta mchwa na mbao zilizooza kando ya paipu ya sinki, ongeza boriti katikati ya zilizopo, kisha pigilia plaiwudi ya milimita 18 kwa skrubu kila sentimita 15 kingoni, ukiacha milimita 3 kati ya karatasi. Angalia plaiwudi unayouziwa: zile mbao za kahawia zenye ngozi laini za kumwagia zege hazishikwi na gundi, hadi ngozi hiyo isagwe yote. Kwa sakafu ya mbao ambayo haikuimarishwa, mkeka juu ya plaiwudi ya milimita 9 hadi 12 ndio uamuzi wa busara.

Ukishamaliza, weka akiba ya vigae sita au mita moja ya mkeka mahali pakavu. Mchoro huo hautakuwepo dukani ukirudi. Na ile silikoni ya kwenye kiungo ikague kila mwisho wa masika. Ikianza kuachia upande mmoja, kata yote kwa kisu, kausha, jaza upya kabla ya mvua za Oktoba.